Kwa Nini Sikuzitoa Zile Pesa

Koboko

Mama yangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na goti limekuachia kidogo, maana ndugu yangu Siraji aliniambia baridi ya mvua hizi imekusumbua. Unakunywa dawa ya presha, au bado unaificha ndani ya kikombe? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mume wangu Swaibu anakuamkia kwa heshima zote na anashukuru kwa simsim uliyotuma. Nyingi amekula yeye.

Usishangae kwamba nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako, Mama, huwekwa sauti ya juu, na nyumba nzima husikiliza, hata majirani. Haya ya leo ni yako peke yako. Soma mwenyewe, taratibu, usimpe Siraji akusomee.

Najua una hasira na mimi. Umeambiwa nilionekana Arua, karibu na soko, nikapita bila kuja kukuamkia. Tena nimekataa kutoa pesa za mfuko ili Siraji anunue gari la abiria. Yote mawili ni kweli, na yametoka siku moja. Wacha nikueleze.

Unajua tulivyoanza. Mimi, Swaibu na Scovia, mwenzangu wa dukani, tulikuwa tunaweka kidogo kila mwezi katika ule mfuko wa Kampala, kwa ajili ya uzee. Mimi nauza saruji na mabati ya mtu mwingine. Siku mgongo ukikataa, tajiri atanipa mkono wa kwaheri tu. Swaibu anatengeneza pikipiki, na fundi hana pensheni. Mfuko unakusanya pesa za watu wengi, unanunua hisa za makampuni, na kila mtu anahesabiwa vipande vyake. Miaka mingi bei ya kipande ilipanda, nasi tukajiona wajanja. Kisha soko la hisa likaanguka. Kila mwezi ujumbe ulikuja na bei ya chini kuliko ya mwezi uliopita. Ikafika mahali naogopa simu yangu mwenyewe.

Scovia alitoa zake zote, akapata chini ya alichoweka. Alirudi dukani akakaa juu ya mifuko ya saruji, akalia mpaka vumbi likawa tope usoni. Akaniambia, "Zuhurah, toa yako leo. Hii kitu iko nakufa, na wewe bado unailisha!" Siraji naye akasema gari halina mambo ya hisa, linarudi na pesa kila jioni. Na wewe, Mama, ulisema tuokoe kilichobaki kabla hakijaisha.

Kwa hiyo siku ile niliyoonekana Arua, nilikwenda ofisi ya mfuko kutoa. Ndiyo, kutoa zote, nimpe Siraji. Swaibu alibaki nje juu ya pikipiki, hakutaka kuingia. Ofisini nilimkuta kijana mpole anayeitwa Jude, nikamwambia nataka kila kitu. Hakukataa. Alisema pesa ni zangu, ila nimruhusu aseme neno. Alinieleza kwamba vipande vyangu havijapungua hata kimoja, ni bei yake iliyopungua. Nikiuza sasa, hasara ninayoisoma kwenye simu itakuwa yangu kabisa. Nikiendelea kuweka, pesa ileile itaninunulia vipande vingi kuliko zamani.

Nikamwuliza kama anaweza kuapa kwamba bei itarudi.

Akasema, "Siwezi, mama. Iliwahi kuanguka ikarudi, lakini kuapa siwezi. Wewe niambie, hizi pesa unazihitaji lini?"

Nikasema, nikizeeka.

Akatabasamu. "Basi muda bado uko. Na kabla ya hapo watoto wako watakuwa wameshaanza kukutunza."

Mama, nililia mbele ya yule kijana kama aliyepigwa. Akaniletea maji, akaniomba msamaha, akidhani ni bei ya vipande inayoniliza. Nikanywa, nikamwambia basi, sitoi. Nikatoka.

Sasa nikuambie tulitoka wapi asubuhi ile.

Tulitoka hospitali. Daktari alikuwa ametupima sote wawili, na siku ile tulikwenda kuchukua majibu. Mama, mimi sina kasoro. Ni Swaibu. Daktari alisema kwa upole sana kwamba hali yake haina dawa, na kwamba mimi na yeye hatutapata mtoto. Ile mizizi uliyoniletea kutoka kwa yule mama wa Midia niliinywa yote, mpaka nikawa natapika kazini. Mashangazi wa Swaibu walinisema misibani na harusini, nikainamisha kichwa. Naye hakujua, wallahi hakujua. Nilimwona uso ukibadilika pale pale kwenye kiti.

Tulipotoka aliniegemeza kwenye pikipiki, akasema, "Zuhurah, wewe bado unaweza kuzaa. Rudi kwa mama yako. Mimi nitakupa talaka kwa amani, na mahari sitadai irudishwe." Aliyasema bila kunitazama, anafuta tangi la pikipiki kwa mkono wa shati, na tangi lilikuwa safi. Nilimwambia awashe pikipiki, twende tukatoe pesa. Niliona hazina maana tena. Tunamwekea nani? Achukue Siraji, yaishe.

Ndipo yule kijana akanitajia watoto wangu. Hapo ndipo nilipoelewa hali yetu. Scovia anaweza kutoa, ana watoto wanne. Wewe una mimi na Siraji, goti likiuma mmoja wetu anakimbia. Mimi na Swaibu tutakapokuwa hatuwezi kuinuka kitandani, ni nani atakayeingia mlangoni? Hivyo vipande ndivyo vitakavyotuchotea maji. Nilipotoka nilipanda nyuma ya Swaibu, nikamshika kiuno, tukarudi Koboko. Nisingeweza kupita kwako. Ungeniona usoni, ungeniuliza mbele ya watu, nami ningesema.

Usidhani nimepata utulivu. Tangu siku ile bei imeshuka tena. Tajiri amepunguza mishahara kwa sababu wateja wa kutoka ng'ambo ya mpaka hawaji kama zamani. Tunakula muhogo na majani ya kunde, na bado mwezi ulipoisha Swaibu aliingia na mikono ya grisi, akaweka sehemu yake mezani, akasema, "Tuma." Nikatuma. Naogopa, Mama. Naogopa kwamba bei haitarudi, kwamba nimekataa mtoto na pesa pia zitanikataa. Kuna siku napima saruji ya mteja na sisikii anachoniuliza. Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata, lakini nimetafuta sijaiona.

Mwambie Siraji nimekataa, na anisamehe, ila sababu yenyewe usimwambie. Yule mama wa Midia mwambie nimepona, asichimbe tena mizizi kwa ajili yangu. Swaibu hajui kwamba nimekuandikia. Akija kukusalimu sikukuu, mpokee kama ulivyompokea siku zote, umpe kiti chake kile kile. Mimi simwachi.

Nisalimie Siraji na wote wa hapo nyumbani, na majirani wanaoniulizia. Mungu akulinde, akupe afya, atukutanishe kwa heri. Na wakikuuliza wajukuu kutoka Koboko wako wapi, usinitetee, wala jina la Swaibu usilitaje. Sema Mungu hajatoa. Hilo nalo ni kweli.

Ni mimi binti yako,
Zuhurah