Niliposema Mimi ni Paa

Munyaka, Eldoret

Dada Wangari,

Goti lako linasemaje na baridi ya huko? Mimi mwili hauna neno. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza: msije. Ndoa haipo.

Jumamosi nilienda Moiben kwa kina Chepkemoi, nijitambulishe kabla hamjafika. Wekesa, tunayefanya kazi naye gazetini, alikuwa amenionya: "Wazee watakuuliza mnyama wa ukoo wenu. Ukisema huna, wataona huna kwenu. Taja siafu au paa, wote wanaheshimika."

Kwetu koo hazina wanyama, unajua. Lakini nilipima hayo mawili njia nzima. Siafu ni mdudu, hukanyagwa. Paa ni swala, mdogo lakini ana pembe. Nikaona mwanamume wa umri wangu hawezi kujiita mdudu mbele ya wakwe.

Babake aliniuliza kabla chai haijamiminwa.

"Paa," nikasema.

Mama mmoja akaangua kicheko. "Paa! Si ndio ukoo wa mamake Chepkemoi? Karibu, mjomba!"

Nyumba nzima ikacheka. Mjomba haozwi mtoto wa dadake. Nikakiri papo hapo kwamba nimedanganya, sina mnyama.

Mzee hakupandisha sauti. "Ungesema huna, wazee wa ukoo wa siafu hapo ng'ambo wangekupokea uwe wao. Siafu hawahesabiani, mgeni huingia katikati wakaenda naye. Paa huishi peke yake, na kijiti kikivunjika anaruka. Kwa hivyo hukukosea sana. Kunywa chai, uende."

Miaka ishirini nimeuliza watu wa mji huu maswali. Niliulizwa moja tu.

Chepkemoi alinisindikiza hadi barabarani. Nikamwambia tungoje, wazee hulainika.

"Wazee wamesharudi kwa ng'ombe wao," akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia wewe huongopi."

"Chepkemoi."

"Safari njema, mjomba."

Hakucheka. Tangu siku hiyo hashiki simu yangu.

Msalimie shemeji, Baba Njeri, umwambie asiombe ruhusa kazini. Msalimie shangazi, najua kitambaa cha harusi alishakipeleka kwa fundi. Akishone tu, avae kanisani. Na majirani wakiuliza kulitokea nini, usinitungie sababu. Waambie nilidanganya, wakakataa.

Ndugu yako,
Kariuki