Niliulizwa, Nikasema Hana

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi natakiwa kutia sahihi karatasi ambayo nikiitia nitakuwa nimemfukuzisha kazi mtu asiye na kosa, na nisipoitia sijui nitamtazama vipi mke wangu usoni.

Mimi ni fundi wa majokofu, mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na tuna binti mmoja wa miaka minne tunayemwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Tangu azaliwe, mambo ya daktari ni ya mama yake, yeye ndiye anayejua chanjo, uzito na tarehe za kurudi, mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza jioni, "Wamesemaje?" halafu naendelea na shughuli zangu. Sasa mwezi uliopita Chiriku aliamka na homa, sikio linamuuma, na mama yake alikuwa anasimamia mitihani hawezi kutoka, akaniambia, "Baba Chiriku, leo mpeleke wewe, kadi iko kwenye droo," nami nikambeba mtoto tukaenda kwa daktari wa watoto, kadi nikaiacha kwenye droo.

Pale mapokezi pana dirisha dogo na mabenchi mawili marefu, na siku hiyo yote yalijaa akina mama, mwanamume ni mimi peke yangu na ovaroli yangu ya kazi. Nesi wa dirishani, dada mmoja wa makamo mwenye miwani, akaniomba kadi, nikasema nimeisahau, akasema haidhuru baba, tutaandika upya, mtoto ana miaka mingapi, nikasema mitatu, na Chiriku akainua kichwa begani kwangu akasema, "Minne, baba," na benchi zima likacheka. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, nikataja mwezi, nikaurudisha, nikataja mwingine, na mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, wala si kwa kunong'ona, "Huyu kamwokota njiani." Mshauri, masikio yaliniwaka moto. Kwa hiyo nesi alipouliza, "Kuna dawa yoyote inayomdhuru? Ana mzio wowote?" sikutaka tena kuonekana sijui, nikasema, "Hana." Akanitazama juu ya miwani. "Una uhakika, baba? Mpigie mama yake, tutangoja." Nikamjibu kwa ukali, "Mimi ndiye baba yake. Nimesema hana." Akaandika.

Na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeambiwa. Chiriku alipokuwa na mwaka na nusu alipewa dawa fulani akatoka vipele vikubwa mwili mzima, mke wangu akanisimulia jioni ile, nikasema "pole" huku natazama mpira, na yeye akaiandika dawa hiyo kwenye kadi kwa wino mwekundu.

Daktari akampima, akatoa dawa ya maji, nikampa kijiko cha kwanza tulipofika nyumbani, na kabla sijakiosha kijiko uso wa mtoto ulikuwa umevimba, macho hayaonekani, pumzi inapiga mluzi. Nilikimbia naye mpaka kliniki bila viatu, na aliyemnyakua mikononi mwangu ni nesi yule yule, akamwita daktari kwa sauti iliyotikisa jengo, wakamchoma sindano, wakamwekea hewa, na baada ya muda nisioweza kuukadiria mtoto akalia.

Mke wangu akafika mbio, vidole bado vina chaki. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Hukuwaambia ile dawa haimfai?" Nikasema, "Hawakuniuliza."

Lilinitoka lenyewe, mshauri. Na nesi alikuwa amesimama hapo hapo. Akasema taratibu, "Mama, nilimuuliza. Akasema hana." Mke wangu akamgeukia, "Mume wangu aseme hana, na mimi nilimweleza kwa mdomo wangu?" Nesi akanitazama, akangoja niseme neno, na mimi nikatazama sakafu.

Jioni mke wangu akaandika yote kwenye kundi la wazazi la simu, na wazazi wakaanza kumwaga ya kwao, mmoja alikalishwa foleni saa tatu nzima, mwingine alijibiwa mkato, mwingine hata hakumbuki ilikuwa lini ila anajua yule mwenye miwani ana dharau, mpaka kufika asubuhi nesi wa watu amegeuzwa shetani. Daktari mwenye kliniki akamsimamisha kazi, na hii ni wiki ya tatu yuko nyumbani. Alhamisi ni kikao, nimetakiwa kupeleka maelezo ya maandishi, na mke wangu ameshaniandikia kwa mwandiko wake mzuri wa kialimu kwamba sikuulizwa, kilichobaki ni sahihi yangu.

Na bado sijakwambia lililo baya kuliko yote. Siku ya pili yake Chiriku alimwambia mama yake mezani, "Nesi alimuuliza baba. Baba akasema hana." Mke wangu akanitazama, nami nikasema, "Mtoto alikuwa na homa kali, anachanganya mambo," na mama yake akamwambia, "Usiseme uongo, mama." Tangu siku hiyo mtoto nikiingia sebuleni anachukua mdoli wake anakwenda chumbani, na yule chiriku wetu sasa lazima aulizwe ndipo aseme. Nikisema kweli naogopa nitapoteza nyumba, nikinyamaza naona nimeshaipoteza ila hawajaniambia. Nifanyeje?

Ni mimi, baba niliyetazama sakafu.

MSHAURI ANAJIBU

Baba, barua yako ilinifikia Jumatatu, na gazeti hutoka Jumamosi, kwa hiyo sikungoja gazeti, nilikupigia simu. Niliyokuambia nayachapa hapa kwa ruhusa yako, maana wenzako ni wengi.

Pole kwa siku ile. Hapo pole imekwisha. Kutojua mwezi aliozaliwa mwanao ni uzembe, lakini hakujamuua mtu. Ungesema "sijui, ngoja nimpigie mama yake," ungechekwa dakika mbili na dawa ingebadilishwa. Wewe ukaona bora mtoto anywe chochote kuliko benchi likucheke tena, halafu ukamtwika mzigo wako mwanamke aliyekuokolea huyo mtoto. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika ukutani. Usiniulize uchague lipi kana kwamba yako mawili.

Leo hii kaa na mkeo. Mwambie: nesi aliniuliza, nikasema hana, nikakudanganya. Usianze na mabenchi wala vicheko wala ovaroli, hayo ni mapambo. Na usithubutu kumkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeandika kwenye kundi. Hapo atafika mwenyewe, na atafika akiumia. Kisha mwite mtoto, piga magoti, mama yake akisikia, umwambie, "Ulisema kweli. Baba ndiye aliyesema uongo." Hili usilipunguze hata neno. Mtoto akijifunza nyumbani kwamba akisema kweli haaminiwi, siku atakapoumizwa na mtu hatakuja kukwambia. Karatasi ile ichane. Andika yako kwa mwandiko wako mbaya, na uipeleke kesho asubuhi, usingoje kikao. Kila siku unayongoja, mtu mwingine ndiye anayekaa nyumbani. Nesi mwombe radhi ana kwa ana, na usitegemee kukaribishwa kiti.

Hayo nilikwambia Jumatatu. Alhamisi jioni ukanipigia. Ulisema mkeo alikusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, "Nilipomwambia mtoto asiseme uongo, na wewe ulikuwa umekaa pale?" Ukajibu ndiyo. Akachukua mto wake akahamia chumba cha mtoto. Asubuhi aliandika mwenyewe kwenye kundi kwamba alimsingizia mtu, na wazazi waliokuwa na maneno mengi siku ile, safari hii wamekaa kimya. Nesi anarudi dirishani Jumatatu. Radhi yako aliisikia akiwa amesimama, akakwambia, "Kusema hana ningekusamehe, baba, uliona haya. Nilipokutazama ukainama, hilo bado."

Sasa unauliza kama ulikosea kusema, kwa kuwa nyumba imenuna. Hukukosea. Umechelewa, na kuchelewa kuna malipo yake. Usiombe msamaha asubuhi, mchana na jioni, utamchosha mwanamke mwenye haki ya kukasirika. Kliniki ya mtoto ya mwezi ujao mpeleke wewe, na kila ya baada ya hapo, mpaka ionekane ni kazi yako. Mkeo akianza kuzungumza, hata akianza kwa kukugombeza, kaa umsikilize. Na kabla hajaanza, usimtume mtoto kati yenu na maneno ya "mwambie mama chakula kiko tayari." Nenda mlangoni ukaseme mwenyewe. Huyo mtoto ameshabebeshwa ya kutosha.