Mlango wa Upande wa Mama

Baba mpendwa, shikamoo huko uliko.

Nakuandikia kuhusu pikapu yako. Tulia kwanza, maana najua ukisikia imeguswa presha inakupanda.

Unakumbuka siku mlango wa abiria ulipofunguka wenyewe kwenye kona ya Kasingirima? Mama aliteleza nje na beseni lake la mawese, akakaa vumbini mzima wa afya, ila mwekundu kuanzia kichwani hadi kandambili. Wewe ulikuwa unamsimulia habari ya dagaa. Nilikuwa nyuma juu ya magunia, nikapiga bodi ngumi, ukadhani nashangilia. Ulisimulia hadi Katonga, ukauliza, "Au we mwenzangu waonaje?" Ndipo ukageuka.

Mama akaapa hatapanda tena mpaka mlango ule ufunge. Ukaahidi, "Wiki ijayo." Umefariki na wiki ijayo yako, na yeye bado anakwenda Katonga kuuza mawese kwa miguu, na goti lake lile. Bajaji hataki, anasema hazina milango kabisa. Nilikuwa naumia kumwona akichechemea.

Basi nikatafuta mlango mwingine. Fundi Saidi akanionya: mlango upachikwe kwanza, mpira wa kuziba ukingo wake mwishoni. Ubishi nimerithi kwako, nikagandisha mpira kwanza ili gundi iwahi kukauka. Mlango ukagoma kufunga. Nikausukuma kwa makalio kama ulivyokuwa ukifanya, ukanirudisha, nikaanguka chini. Fundi alicheka hadi akajishikiza kwenye boneti. Tukabandua mpira wote, tukaweka vipande vya bati nyuma ya bawaba mpaka mlango ukakaa sawa na madigadi, ndipo tukaurudisha mpira. Fundi akafungia karatasi mlangoni, nilipoivuta ikachanika. "Hapo umebana," akasema.

Mama hakuamini karatasi. Akafungia ncha ya kanga yake, akavuta kwa nguvu zote.

"Yebabawee, kanga yangu!" Ilichanika, naye akacheka, akapanda, mimi nikashika usukani.

Kwenye kona ya Kasingirima alishika dashibodi kwa mikono miwili. Mlango haukutikisika. Nilikukumbuka, baba, machozi yakanitoka. Ungekuwepo ungesema umeutengeneza wewe.

Tulipofika Katonga hakushuka. Alibaki ameketi, akipapasa ule mpira kwa kidole.

"Mwandikie baba yako," akasema. "Mwambie nimefika. Na ile habari ya dagaa, tukionana anianzie upya, sikuisikia mwisho wake."

Pumzika salama, baba.

Binti yako, yule wa kwenye magunia