Mafuta ya Mzee Shabani

Musoma, Alhamisi jioni

Kosa ni langu, na simwambii mtu. Au ni la Kiswahili chenyewe: ya kwenye taa ni mafuta, ya kwenye nundu ya ng'ombe nayo ni mafuta.

Juma lililopita Mzee Shabani, muuza nyama wa sokoni, alikuja hospitali jicho limesukumwa nje na uvimbe laini. Bwana Daktari ni Mzungu mgeni, Kiswahili hajui. Mimi dresa, mfunga vidonda, ndiye mkalimani wake. Mzee akaubonyeza uvimbe, akasema, "Humu jichoni mna mafuta. Mimi nashikaga mafuta kila siku."

Nikatafsiri kwamba ametia mafuta jichoni.

"Mafuta gani?" Daktari akafoka. "Ya taa?"

"Kama ya nundu," mzee akajibu.

Daktari nusura azimie. Siku tatu kaliosha lile jicho huku akimkaripia mzee, kupitia kwangu, kwa kujitia mafuta jichoni, na uvimbe uko palepale. Ndipo akahofia ni uvimbe wa saratani, na kwamba huenda jicho likang'olewa.

Leo amepasua. Kikatoka kidonge cha manjano, akakitia majini, kikaelea. Mafuta matupu! Jicho haling'olewi tena.

"Ni nadra sana, nimeyasoma vitabuni tu," Daktari akaniambia kwa furaha. "Nani angejua?"

Nikainama kuosha visu. Akigundua, narudi Bunda kulima pamba.

Mzee alipozinduka alinitazama kwa jicho moja, la pili lina bandeji. "Mwanangu," akasema, "siku ukija buchani kwangu kuomba mafuta, nakupa ya taa."