Mama Hildegarda, Mkeka Wako Unakwenda kwa Lightness

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ulipotuacha Oktoba ile, jumuiya ikisali rozari nyumba ya jirani na wewe umelala huwezi kuinuka. Hapa Mikumi nyumba imepoa. Baba bado anakuwekea kikombe chako mezani, halafu anakiondoa mwenyewe.

Tunakumbuka vitumbua vyako pale stendi, na ubishi wako wa bei uliokuwa ukiishia kwa kumwongeza mteja kimoja. Tunakumbuka mkeka uliokwenda nao jumuiya, umeuviringisha kwapani, ili mwenyeji asiye na viti asione aibu. Mdomo ulikuwa nao, Mama, lakini moyo ulikuwa mkubwa kuliko mdomo.

Oktoba ya mwaka uliotangulia, Mwezi wa Rozari wa mwisho wewe ukiwa mzima, sanamu ya Mama Maria ilikuwa ikihama nyumba hadi nyumba, zamu ikafika kwa Lightness, mhudumu wa baa ya madereva wa malori. Mwenyekiti wa jumuiya akakuambia, "Mama Gerald, chumba chenyewe kipo uani kwa baa. Tumpeleke Mama Maria humo kweli?"

"Mwenzangu, yeye alijifungulia zizini. Leo kapata chumba chenye kitanda, unamkatalia wewe?"

Ukaibeba sanamu kifuani, umeifunika kwa khanga. Wengine walinung'unika, lakini walikufuata. Tangu siku hiyo ulimwita Lightness mwanangu.

Mwaka huu hupo, na sanamu imepitishwa mlangoni kwake bila kusimama. Kesho yake alikuja kwetu, akapiga magoti. "Shikamoo, Baba. Nilifagia, nikatandika na kitambaa. Wamepita." Baba akaitikia marahaba, akamwinua. Imetuuma sana, Mama. Tulidhani tumekuzika wewe peke yako.

Kwa hiyo sala ya kukukumbuka, Jumamosi hii saa kumi jioni, haitakuwa nyumbani kwetu. Tutasali rozari chumbani kwa Lightness. Jumuiya tumeiarifu, haijatujibu. Sanamu ikija, itapokelewa. Isipokuja, tutasali hivyohivyo. Baba ameshauviringisha mkeka wako.

Unakumbukwa na mumeo Kasian, wakwe, wajukuu, majirani wa stendi, na wanao: Gerald, Angela, Cosmas na Lightness.

Hatutakusahau, Mama, maadamu tunaishi.