Majibu ya Mama Mkwe Yamekwama Ukutani

Jumatatu, 4 Machi

Maabara ya nje imehamia seva mpya, na leo hospitali nzima haijapokea jibu hata moja. Naunganisha kompyuta yetu na seva hiyo, sawa. Nenosiri linakubaliwa. Nikiomba orodha ya mafaili — kimya, halafu inakata! Na humo yamo ya mama mkwe, ya kile kipande walichomkata kwenye titi kikapimwe. Daktari wa upasuaji hagusi kitu bila hayo. Maabara hawasomi majibu kwa simu. Nimewabembeleza, wapi.

Jumanne, 5 Machi

Bwana Ukuta — ndivyo tunavyomwita huyu msimamizi wa ukuta wa mtandao, unaochuja kinachoingia na kutoka — amejaribu kidogo tu, akasema mlango uko wazi, tatizo ni langu. Akafunga ombi langu! Nimemwandikia tena: mlango wa kuingilia uko wazi, ndiyo, lakini mafaili yanapita milango mingine, na seva mpya ina ya kwake. Hiyo umeifunga wewe. Kanijibu nisubiri bosi wake arudi kutoka semina. Semina! Nikatoka nje.

Nyumbani mama mkwe ananitania: si kazi yangu hizo kompyuta? Nizikaripie basi. Nikacheka naye. Moyoni nilitaka kulia.

Jumatano, 6 Machi

Kimya. Bwana Ukuta hapokei simu zangu. Namchukia, basi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimechoka kubembeleza. Nimebeba kompyuta yangu mpaka mezani kwake, nikaketi. Ajionee. Kuingia, inakubali. Orodha — kimya. Na kwenye skrini yake mwenyewe, mistari myekundu: imezuiwa, imezuiwa, imezuiwa.

"Kumbe," anasema.

Kumbe! Muda wote huu hakuwa amefungua hata hiyo skrini.

"Mama mkwe wangu yumo humo," nikamwambia.

Akavuta kibodi yake. Akaandika kidogo, akabonyeza, mafaili yakaanza kumiminika. Faili la mama nimeliona likipita, namba yake ninayo kichwani. Sikulifungua, sina ruhusa. Nilifurahi kama mjinga! Nikampigia mume wangu: yamefika.

Baadaye daktari wa upasuaji akapiga simu. Nilidhani anashukuru. Aliuliza tu kama mume wangu yuko mjini. Nikasema yupo. Akasema basi tuje wawili, sasa hivi, mama tumwache kwanza nyumbani.

Niko getini namsubiri mume wangu. Yeye na mdomo wake — ameshamwambia mama. Ujumbe wa mama huu hapa: "Kumbe umezikaripia. Haya, zinasemaje?"