Bibi wa Mchumba Wangu Anataka Tochi Ninayotumia Nyumbani

Mpendwa mshauri Mama Agutu, naomba msaada, shikamoo, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu mwanzoni mwa barua hii naonekana mtu mzuri na katikati sionekani hivyo.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, nauza tochi za kuchaji pale stendi ya Buzuruga, na kama umewahi kushuka pale basi umenisikia hata kama hukuniona, maana nina spika yenye sauti yangu niliyoirekodi inayosema "tochi ya kuchaji, lumeni laki moja, mwanga mpaka Ukerewe," nayo inasema hivyo kuanzia asubuhi mpaka jioni wakati mimi mwenyewe nimekaa kimya natafuna karanga. Nina mchumba anaitwa Odeta, fundi cherehani, kwao ni Igombe kule ziwani, na nampenda, Mama, nampenda mpaka naogopa, na yeye alikuwa ananipenda mpaka Jumamosi iliyopita.

Jumamosi hiyo tulipeleka mahari kwao, mimi na baba yangu mdogo Luhaga ambaye ndiye mshenga wangu, na wazee wengine wawili, na orodha tulikuwa tumeshaletewa mapema, ng'ombe, koti la babu, na pale ambapo kwa kawaida huandikwa shuka la bibi, bibi yake Odeta, Bibi Getruda, alikuwa amekataa shuka, akaagiza iandikwe tochi ya kuchaji yenye mwanga mkali na ya kutegemewa, kwa sababu yeye huamka alfajiri kwenda mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kununua dagaa wa kuanika, na asiye na mwanga mwaloni anauziwa dagaa wa jana waliochanganywa na mchanga. Mimi nilipoisoma orodha hiyo nilicheka kwa furaha, nikasema Mungu anipe nini tena, muuza mkate ameombwa mkate. Nikachagua mezani kwangu ile kubwa kuliko zote, ya kijani, yenye taa tatu na redio pembeni, nikaichaji usiku kucha.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa kilugha, "wabeja, mjukuu wangu," akaamuru mapazia yafungwe ingawa ilikuwa saa nane mchana, akaiwasha, sebule nzima ikang'aa na akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikajiona nimeshaoa. Halafu akasema, "Msiizime. Iwekeni pale juu ya kabati, sisi tule." Tukala wali na sato, Mama, na hatujafika kunawa mikono mwanga ukawa wa njano, ukawa mwekundu, ukaisha. Wazee wa kwao wakaangalia dari. Baba mdogo akakohoa kikohozi ambacho asubuhi hakuwa nacho. Bibi akainuka, akaingia chumbani, akatoka na tochi nyingine ya kijani vilevile, imekufa, akaziweka mezani bega kwa bega, akasema, "Hizi ni ndugu. Hii niliinunua Buzuruga mwezi wa tatu kwa kijana mwenye spika. Iliniacha gizani mwaloni siku ya kumi, nikarudi nyumbani na ndoo ya mchanga."

Kisha akatoa hukumu yake. Alisema ng'ombe wamekubaliwa, koti limekubaliwa, kijana mwenyewe hana ubaya, lakini siku ya harusi haipangwi mpaka nirudi na tochi ninayotumia mimi mwenyewe nyumbani kwangu. "Sitaki ya dukani kwako," akasema, "nataka ile unayomulikia wewe ukitafuta kiatu chako. Nakupa wiki mbili." Odeta akanisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza, "Obedi, ulikuwa unajua?" Nikamjibu kwamba labda chaji haikuingia vizuri. Akanitazama, akageuka, akarudi ndani, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Mama, nilikuwa najua. Hapo ndipo palipooza. Nyumbani kwangu Nyakato situmii hata moja ya zile ninazouza, natumia tochi fupi nyeusi, nzito, isiyo na redio wala mbwembwe, niliyoichagua miaka miwili iliyopita baada ya kujifungia ndani na aina saba za tochi nikaziwasha zote kwa pamoja huku naangalia saa, nione ipi itakufa lini, nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikaziangusha sakafuni, na ni hiyo tu iliyotoka ikiwa inawaka. Sijawahi kuiweka mezani kwangu kwa sababu haivutii, wateja wanataka kubwa, wanauliza ina taa ngapi, na faida yake ni ndogo, basi nikanyamaza na spika ikaendelea kusema.

Sasa nimechanganyikiwa. Baba mdogo anasema nikipeleka tochi iliyochakaa nimepeleka mtumba kwa wakwe na yeye hatakanyaga tena Igombe. Jirani yangu wa biashara, Chenge, anasema ninunue mpya nzuri ya bei mbaya, niikwaruze kwa msasa, niipake masizi kidogo na kuizungushia utepe wa gundi ionekane ya siku nyingi. Na mimi nikifikiria kupeleka ile yangu ya kweli naona wazi Bibi ataniuliza, kama ulikuwa na hii, kwa nini uliniuzia ile? Na Odeta atakuwa amekaa palepale anasikiliza. Mpya nimeshanunua. Msasa ninao hapa mezani ninapoandika. Nifanyeje, Mama?

Obedi, Buzuruga.

Jibu la Mama Agutu

Obedi, marahaba. Weka huo msasa chini kwanza, ndipo tuongee.

Nilicheka niliposoma barua yako, sikufichi, kwa sababu hata mimi ninaye mmoja wa ndugu hao wa kijani, na kazi yake nyumbani kwangu ni kuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Leo nimemjua na mzazi wake. Lakini nilipofika pale Odeta alipokuuliza swali la maneno mawili nawe ukaisingizia chaji, nikaacha kucheka. Kuaibika mbele ya wakwe kunauma, na kwa hilo nakupa pole kwa moyo wangu wote. Kwa lile la barabarani sina pole. Tochi imezimika sebuleni, sawa, ni chombo, chombo kinakufa. Wewe ulizimika barabarani, mbele ya binti aliyekupa nafasi ya kusema kweli kabla hajaulizwa na mtu mwingine.

Huyo Chenge ni rafiki wa kucheza naye drafti, usimsikilize katika mambo ya ndoa. Unadhani mama anayetenganisha dagaa wa leo na wa jana kwa vidole vyake, tena alfajiri, atashindwa kuujua msasa? Msasa unakwaruza pote sawasawa. Mkono wa mtu unachakaza mahali pamoja, pale kidole gumba kinapokaa kila siku. Atapatafuta hapo, nakuambia, na asipopaona umekwisha, tena safari hii hata mimi usiniandikie.

Baba yako mdogo naye usimdharau, mtumba kwa wakwe ni aibu kweli na mila ina heshima yake. Kwa hiyo utafanya hivi. Hiyo mpya uliyoinunua rudisha ilikotoka, uchukue nyingine, aina ileile kabisa kama yako ya nyumbani. Ya zamani ioshe, ichaji, usiipambe kwa chochote. Nenda nazo zote mbili. Ya zamani mkabidhi Bibi kwanza kwa sababu ndiyo aliyoitaka, na mpya iwe zawadi yake, baba mdogo apate la kusema nyumbani. Akikuuliza kwa nini ulimuuzia ile, maana atakuuliza, usimweleze habari za wateja kupenda kubwa, usimtaje mtu wa jumla aliyekuletea, usilie. Sema, "Nilijua, Bibi, nikakuuzia." Kisha nyamaza. Ukinyamaza vizuri ataona kwamba umemaliza.

Na Odeta hasubiri mpaka siku hiyo. Mwambie yeye mapema, uso kwa uso. Hapokei simu? Igombe si Ulaya, kuna gari.

Nanyi wasomaji mnaotafuta tochi, msipite tu hapa kwa kucheka. Kijana huyu anajua kuchagua kuliko wengi wetu, amejificha tu nyuma ya spika. Usihesabu taa, wala usiamini lumeni zilizoandikwa kwenye boksi, boksi halikatai kuandikwa. Ishike mkononi, tochi nyepesi kama boksi lake haina betri ya maana. Uliza kama betri inatoka, maana ikigandishwa humo ndani, siku ikichoka umetupa tochi nzima. Tundu la chaji liwe linalokubali chaja ya simu uliyonayo nyumbani. Angalia shingoni pana mpira wa kuzuia maji, sisi ni watu wa ziwani. Siku ya kwanza iwashe nyumbani uiache mpaka ife yenyewe huku unaangalia saa, na kabla ya kulipa muulize muuzaji, "Nikirudi nayo kesho utanipokea?" Halafu mtazame usoni.

Wewe Obedi, utawapokea. Zile za kijani ziondoe mezani leo, na anayekuja na iliyokufa umbadilishie bila maneno. Utaumia kidogo. Umia. Na hiyo spika izime, umeshasema vya kutosha.

Mrejesho wa Obedi

(Wiki tatu baadaye Obedi aliniandikia tena. Naichapa barua yake kama ilivyo, sina la kuongeza.)

Mama Agutu, shikamoo, nimeshinda! Nilitaka kuandika vizuri kwa utaratibu lakini siwezi, nimeshinda, Mama!

Nilianza na Odeta kama ulivyoniamuru, nilimkuta kwenye cherehani yake nikamwambia, "Nilikuwa najua, na siku ile nilikudanganya." Aliendelea kushona mpaka akamaliza upindo mzima, ndipo akasema, "Jumamosi usichelewe." Hiyo tu, lakini nilitoka pale natembea kwa miguu mpaka karibu na Buswelu bila kukumbuka kupanda gari.

Jumamosi Bibi aliichukua ile nyeusi ya zamani, akaigeuzageuza, na Mama, wallahi wewe ni mchawi, akaenda moja kwa moja pale rangi ilipofutika, akaweka kidole gumba chake juu ya alama ya kidole changu. Akauliza swali lilelile. Nikajibu vilevile ulivyoniandikia, neno kwa neno, nikanyamaza, na baba mdogo hakukohoa. Bibi akawasha tochi, akaiweka juu ya kabati. Tukala, tukanywa chai, wazee wakaongea habari za mvua na za bei ya pamba mpaka zikawaishia, tukaaga, na tochi inawaka. Tukiwa mlangoni Bibi akanirudishia ile mpya. "Hii mpe Odeta," akasema, "mimi nabaki na hii, imeshazoea kazi. Harusi ni mwezi wa kumi." Baba mdogo aliimba njia nzima kurudi mjini, na hajui kuimba.

Lakini haikuishia hapo. Bibi alikwenda nayo mwaloni, akarudi na dagaa wasiokuwa na chembe ya mchanga, wenzake wakamuuliza mwanga huo ameutoa wapi, naye akawaambia ukweli wote, tochi ya kijani pamoja na ile nyeusi. Jumatatu nikiwa mezani kwangu nikaona akina mama kumi na mmoja wa Igombe wanakuja, kila mmoja na tochi yake ya kijani kwenye kanga, na walikuwa hawajaja kunisalimia. Nilisimama. Nilimpokea kila mmoja, nikambadilishia kwa nyeusi mpya nilizokuwa nimeagiza, nikamwonyesha betri inavyotoka na namna ya kuangalia mpira wa shingoni, na meza yangu ikabaki nyeupe kabisa. Chenge alikuwa ameshika kichwa. Lakini watu wa stendi walikuwa wamejaa kutazama, Mama, na waliponiona narudishiwa tochi bila kubisha wakaanza kuuliza ile nyeusi inapatikana lini, na mpaka leo nimeshaagiza mara mbili na zinaisha kabla hazijakaa mezani. Spika nimeigawa.

Odeta alikuwa amekuja na akina mama hao. Alikuwa anawapanga foleni na kuwaita mmoja mmoja, na mama mmoja mwenye hasira kuliko wote akamgeukia akamwambia, "Wewe binti, unamhangaikia hivi tapeli huyu, kwani ni nani wako?"

Odeta akajibu kwa sauti, stendi nzima ikasikia, "Ni mume wangu."

Harusi bado miezi miwili, Mama, lakini sikumsahihisha.